Vichupa Arobaini na Kimoja vya Ansgar Tarsisi wa Tinde

Bwana Padre, Bwana Katekista, wazee wangu wa Tinde ambao nawapa shikamoo yenu wote kwa mkupuo mmoja, wageni mliotoka Ngokolo na Ushirombo, wachimbaji wenzangu wa Geita mliokuja juu ya lori la pamba, na ninyi sungusungu mliosimama kule nyuma na pinde zenu, ambao nawasalimu pia kwa sababu sina budi, mimi naitwa Donatus, mtoto wa dada yake marehemu, na ndiye niliyepewa kazi ya kuwaeleza leo Alhamisi, tarehe 14 Juni 1984, mtu tunayemlaza hapa alikuwa nani.

Najua wengi mnajiuliza imekuwaje karatasi hii ikaangukia mkononi mwangu, wakati ukoo una wazee watatu wanaojua kusoma, na mimi shule niliiacha darasa la tano nilipoona walimu wameishiwa. Mzee wa kwanza alisema macho yake hayaoni, wa pili akakohoa tangu juzi mpaka leo, na wa tatu akasema wazi kwamba anaogopa, na huyo namheshimu kuliko wale wawili. Mimi siogopi kitu, nimelala chini ya ardhi mita thelathini na maji yakinifika kiunoni, mnaonijua mnajua, kwa hiyo mkiona karatasi inatikisika ni upepo.

Marehemu Ansgar Tarsisi alizaliwa tarehe 3 Februari 1930 kwenye kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kutoka misheni ya Ushirombo, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Tarsisi na Mama Apolonia, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Ansgar, padre hakuhangaika kutafuta jina, akabatizwa wiki hiyo hiyo. Mama yangu, dada yake aliyemfuata, alikuwa akisema kwamba tangu utotoni kaka yake alikuwa mwoga wa radi, mawingu yakikusanyika anaacha mbuzi porini na kukimbia kujificha kwenye ghala la mtama, na nayasema haya si kumcheka, ingawa nilimcheka sana akiwa hai, bali mjue kwamba mtu huyu hakuzaliwa na moyo wa chuma.

Alianza shule ya misheni mwaka 1939, akaendelea mpaka alipomaliza darasa la nane mwaka 1947, akafundisha watoto hesabu kwa muda, na mwaka 1951 akapelekwa Mpwapwa kusomea mifugo, alikokaa miaka miwili na kurudi na cheti, koti jeupe, na tabia ya kumtazama ng'ombe usoni kabla ya kumsalimia mwenye ng'ombe, tabia ambayo iliwaudhi wakwe zake mpaka wakaizoea.

Alifanya kazi Kahama kuanzia mwaka 1953, kisha Geita, na mwezi Agosti 1961 akahamishiwa hapa Tinde kuwa msaidizi wa mifugo, akiangalia josho, chanjo na minada. Mlimpokea vizuri, nani hakumwita zizini kwake akaja, na hata katika miaka ya mwanzo ya vijiji, mwaka 1974 na 1975, ng'ombe walipobanwa pamoja na malisho yakaisha, yeye ndiye aliyekuwa akitembea kwa baiskeli kutoka zizi hadi zizi, akiandika nani amezaa na nani amekaa bure.

Hapo ndipo ilipoanzia kazi iliyotufikisha leo. Mwaka 1976 ililetwa dawa ya sindano ya kumleta ng'ombe kwenye joto ili apandishwe na kushika mimba, dawa yenyewe ilikuja kidogo, katoni moja kwa mwaka kwa tarafa nzima, na kila mfugaji aliyekuwa na mtamba asiyezaa aliitaka. Mwaka wa kwanza marehemu aliwadunga kwa zamu kama foleni ya sukari, na zaidi ya nusu hawakushika, dawa ikamwagika ardhini kama maji. Mjomba hakupenda. Akaomba mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, ile iliyokuwa inakaa kwenye meza yake, na kabla ya kumdunga ng'ombe yeyote akawa anamtoa damu shingoni, anaijaza kwenye kichupa, kidogo yake anaivutia kwenye kimrija chembamba cha kioo, anakizungusha mpaka damu inajitenga, nyekundu chini na maji yake juu, halafu anapima kwa rula ile nyekundu imefika wapi.

Alikuwa na mstari wake. Baada ya mwaka mmoja wa kuandika alijua kwamba ng'ombe ambaye wekundu wake umefika juu ya mstari, ukimdunga, kati ya kumi saba watashika mimba, na ambaye yuko chini ya mstari ukimdunga unajisumbua, kati ya kumi atashika mmoja, na huyo mmoja mjomba alikuwa akisema pengine alikuwa na dume lake la siri. Wa chini hakuwaacha wafe hivyo, aliwapa kwanza dawa ya minyoo na ya ndorobo, chumvi na unga wa mifupa, akangoja miezi minne au mitano, akawapima tena, na damu ikipanda ndipo alipowadunga. Mimi nilimwambia kwamba hata mimi ningeweza kumtambua ng'ombe dhaifu kwa kumtazama mbavu, akanipeleka zizini akaniwekea ng'ombe sita niwachague, nikakosea wanne, tuyaache hayo.

Sasa wageni wa Ngokolo mnisikilize hapa, maana wenyeji wanajua na huenda leo wamejisahaulisha. Huku kwetu binti akiolewa na mahari ikafika, ng'ombe waliokuja kwa ajili yake huitwa kwa jina lake, yule mkubwa wao hasa, kwa hiyo zizini kwa Mzee Jilala wa hapa Tinde kuna ng'ombe anaitwa Mbuke, kwa sababu aliletwa mwaka 1975 binti yake Mbuke alipoolewa, na kwa jirani yake kuna ng'ombe anaitwa Nyamizi, na mwingine Paskalina. Mjomba alipouliza jina la ng'ombe aliambiwa Mbuke, akakata plasta, akaandika Mbuke, akaibandika kwenye kichupa. Hakuwaza zaidi ya hapo, alikuwa mtu wa kuandika alichoambiwa.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Febronia tarehe 29 Juni 1957, siku ya Watakatifu Petro na Paulo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Otmar aliyezaliwa mwaka 1959, ambaye ni dereva, Coletha aliyezaliwa mwaka 1962, ambaye alifuata kazi ya baba yake na sasa yuko ofisi ya mifugo mjini Shinyanga, na Serafina aliyezaliwa mwaka 1966. Mama Otmar ndiye yule aliyekaa peke yake kwenye mkeka, na nafasi mnayoiona pande zote za mkeka ule haikuachwa kwa heshima.

Nifike sasa mahali ambapo wazee wangu watatu hawakutaka kufika. Tangu mwaka 1982 nyumba hii imekuwa ikiogopwa. Mama Otmar akienda kisimani, wanawake waliokuwa na ndoo nusu walikuwa wanaondoka na hiyo nusu, Serafina alirudishwa kwenye harusi ambayo alikuwa amealikwa, na mjomba akipita na baiskeli yake, akina mama walikuwa wanawaita watoto ndani, mchana kweupe, jua la saa sita, njia yote kimya mpaka akapita. Walisema ni mumiani. Walisema anahifadhi damu ya mabinti wa Tinde, na kwamba anajua yupi atazaa na yupi hatazaa kwa sababu ni yeye anayeamua.

Marehemu alianza kuugua mwezi Novemba 1983, miguu ikavimba, mwili ukaishiwa nguvu, akatibiwa hapa zahanati na baadaye akalazwa hospitali mjini Shinyanga kuanzia tarehe 2 Mei mwaka huu, wakasema ni figo na kwamba damu inapungua. Nilikuwa kando ya kitanda siku ambayo muuguzi alikuja na majibu ya kipimo, mjomba akamwomba amtajie namba, muuguzi hakutaka, wakabishana kwa adabu, mwishoni akamtajia. Mjomba akaniambia, "Mwambie daktari dawa nzuri ampe yule kijana wa kitanda cha pili. Mimi niko chini ya mstari." Nilimwambia asijifananishe na ng'ombe, akasema ng'ombe hajawahi kumdanganya. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Juni 1984, saa tatu asubuhi, akiwa amepokea sakramenti.

Jumanne hiyo hiyo mchana, walipoingia watu kutoa kitanda chumbani ili kupatayarisha mahali pa mwili, chini ya kitanda lilikutwa sanduku la mbao la sabuni, na ndani yake vichupa arobaini na kimoja vya damu iliyokauka ikawa nyeusi, kila kimoja na jina. Alivitunza kwa sababu mtaalamu mmoja aliwahi kumwahidi kwamba watakuja kuvichukua wakavipime upya kwa mashine kubwa, hawakuja, naye hakuwa mtu wa kutupa kitu alichoahidi kukitunza. Waliovikuta walisoma Nyamizi, wakasoma Paskalina, wakasoma Mbuke, na kwenye daftari lililokuwa pembeni wakasoma maneno haya kwa mwandiko wa marehemu: "Mbuke, chini, hatashika mimba, asidungwe."

Wote tunajua kwamba binti Mbuke alirudishwa nyumbani mwaka 1979 kwa kukosa mtoto. Mzee Jilala alilishika daftari lile, akalisoma mara mbili, akaliweka chini polepole kama kitu cha moto, na watu wote wakatoka nje ya nyumba, wakamwacha Mama Otmar peke yake kuungoja mwili wa mumewe. Tangu saa ile hakuna jirani aliyewasha moto hapa. Kaburi limechimbwa na wenzangu wa Geita, ndiyo maana lina kina kuliko makaburi yote ya Tinde na kuta zake zimenyooka, ilibidi niwakataze kuweka magogo ya kuzuia udongo kama ya mgodini.

Jana saa tisa alikuja Mzee Mihayo, mkuu wa sungusungu, na filimbi shingoni na vijana kumi na wawili, hakuketi, hakutoa pole, akamwambia Mama Otmar mbele yetu, "Mazishi yakiisha uondoke Tinde kabla ya jua kuzama. Likizama ukiwa hapa, sisi hatutauliza tena." Wazee, wote tunajua maana ya maneno hayo, tumewazika akina mama wawili mwaka jana na mmoja mwaka huu, na makosa yao yalikuwa macho mekundu ya moshi wa kuni. Mama Otmar hakulia. Aliuliza tu, "Niende wapi, baba?" Na Mzee Mihayo, ambaye mwaka 1977 mitamba yake mitatu ilizaa kwa mkono wa marehemu, akageuka, akaondoka na vijana wake.

Sasa nasema niliyokuja kusema, na mkitaka kuniita mjinga mniite, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Maneno ya mumiani hayakutoka kisimani wala mnadani. Yalitoka mdomoni mwangu. Ilikuwa mwezi Machi 1982, huko machimboni Katoro, sisi wanne tulikuwa na duara letu, shimo la dhahabu lililokuwa limeanza kutoa, na wakaja watu saba wenye mapanga kutunyang'anya, na mimi, mwenye mdomo wangu huu, badala ya kukimbia nilikaa juu ya kifusi nikacheka, nikawauliza kama wanamjua mjomba wangu wa Tinde. Nikawaambia ana damu ya mabinti arobaini kwenye vichupa, majina yameandikwa, akikizungusha kichupa anajua huyu atazaa, huyu hatazaa, na akinichukia mtu hata damu ya wake zake itaingia kwenye sanduku. Vichupa nilikuwa nimeviona likizo moja, majina nilikuwa nimeyasoma, na nilijua vizuri kabisa kwamba ni ng'ombe. Wale saba waliondoka. Duara likabaki letu. Kwa miezi miwili niliitembeza hadithi ile Katoro yote kama redio mpya, kila niliposimulia nikaongeza kidogo, na watu wakaninunulia pombe ili niiseme tena.

Hadithi ikapanda malori, ikafika Tinde kabla yangu. Nilipokuja Krismasi nilikuta mtoto wa jirani ananikimbia kwa sababu nimetoka nyumba ile, na nikacheka, Mungu anisamehe, nikaona fahari.

Mjomba alijua. Wachimbaji wanatoka huku na kurudi, mtu mmoja alimpa habari nzima pamoja na jina langu. Aliniita zizini, nikategemea matusi au fimbo, na nilikuwa nimejiandaa na utani wa kumjibu, lakini yeye alikuwa ameshika kamba ya ndama, akaifunga fundo, akaifungua, akasema, "Donatus, ungewaambia ni ng'ombe." Basi. Na kwa miaka miwili, akikwepwa njiani, mkewe akinyimwa maji, hakumtajia mtu yeyote kwamba maneno yale aliyaanzisha mpwa wake, kwa sababu aliogopa watakuja kwangu. Aliyekuwa akiikimbia radi alikaa chini ya hii miaka miwili kwa ajili yangu, na mimi mwanamume wa mita thelathini chini ya ardhi nilishindwa kusema neno moja juu yake.

Leo alfajiri kulipokucha nilikwenda kwa Mzee Jilala. Nilimweleza hivi hivi kama nilivyosoma hapa, nikiwa nimepiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, nikamwomba alete ng'ombe wake anayeitwa Mbuke mazishini, Coletha amtoe damu mbele ya watu wote, aiweke kwenye kichupa, aandike jina, muone kwa macho yenu kichupa kinavyozaliwa. Nikamfungulia daftari ukurasa wa mbele zaidi, ule ambao juzi hakuna aliyeufikia kwa hofu, ulioandikwa tarehe 9 Septemba 1978: "Mbuke, amepewa chumvi na dawa miezi mitano, damu imepanda, amedungwa, ameshika mimba." Mzee Jilala aliingia ndani, akafunga mlango, nami nikarudi nikiwa sijui kama amekwenda kuchukua kamba au upinde.

Ukurasa huu wa mwisho nauandika saa nne asubuhi, nje ya nyumba hii, na nikiinua kichwa naona watu wawili wanakuja kwenye njia ya josho. Wa mbele ni Mzee Jilala, mikono mitupu. Wa nyuma ni Mbuke mwenyewe, binti yake, ameshika kamba, na kwenye kamba ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe, na ndama nyuma yake. Sungusungu wamemzuia binti pale kwenye uzio, wanamuuliza anakwenda wapi na mnyama msibani, na amewajibu kwa sauti ambayo nimeisikia kutoka hapa, "Mbuke wangu huyu amezaa mara tatu. Mimi sijazaa hata mara moja. Kama mzee yule alikuwa na damu yangu, mbona alimponya ng'ombe akaniacha mimi?" Wamempisha. Amemfunga ng'ombe kwenye nguzo ya uzio, amekwenda kwenye mkeka, amekaa karibu na Mama Otmar, bega kwa bega. Sasa mkeka una watu wawili.

Kwa hiyo, Mzee Mihayo, nikimaliza kusoma Coletha atafungua begi lake na kufanya kazi ya baba yake mbele yenu, na daftari litakuwa juu ya jeneza kwa kila anayejua kusoma. Na kama baada ya hapo bado kuna mtu lazima aondoke Tinde kabla ya jua kuzama, ukoo umekubaliana asubuhi hii, na mimi nimeweka dole gumba, kwamba mtu huyo ni mimi. Jina langu umelisikia. Wenzangu wa Geita nimewaomba wasiingilie, waweke mikono yao wazi. Nilisema mwanzoni kwamba siogopi kitu, naomba mlifute neno hilo, naogopa mpaka meno yanauma, lakini Mama Otmar hatoki nyumbani mwake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, hasa yule muuguzi aliyemtajia namba, wafanyakazi wenzake wa mifugo waliotoa gari la kuuleta mwili, Bwana Padre aliyekuja ingawa aliambiwa asije, wachimbaji waliochimba, na majirani, nawashukuru majirani kwa yale ya kabla ya mwaka 1982, na mengine tutashukuru kuanzia leo kama yatakuwepo.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, na ng'ombe wa watu wasiohesabika wanaotembea kwenye mbuga hii kwa sababu alijua kungoja damu ipande.

Mjomba, ni ng'ombe. Nimewaambia. Lala sasa kwa amani, huku juu tuachie sisi.